Je, Wajua? Kundi L na Bao Ambalo Halikufungwa Praia

Je, wajua kwamba Jumapili ya tarehe 24 Machi 2019 Taifa Stars iliichapa Uganda mabao 3–0 pale Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, na kwamba bao moja tu la Lesotho, huko mbali upande wa pili wa Afrika, lingeyageuza hayo matatu kuwa makapi? Bao lenyewe halikufungwa, ndiyo maana tulirudi nyumbani tukipiga honi. Lakini hesabu yake inafaa kufunguliwa polepole, maana wengi tulishangilia bila kuielewa.

Je, wajua waliokuwamo Kundi L? Uganda, Tanzania, Lesotho na Cape Verde. Lilikuwa kundi la mwisho kwa herufi kati ya makundi 12 ya kuwania tiketi ya AFCON 2019. Mechi 12, mabao 20, miezi 21.

Je, wajua jinsi mabao yalivyokuwa ya kuokoteza? Katika mechi zote 12, ni mbili tu ambazo nyavu za pande zote zilitikiswa: Tanzania 1, Lesotho 1, kisha Lesotho 1, Cape Verde 1. Nyingine zote, walau kipa mmoja alitoka uwanjani hajafungwa. Na ona kwamba katika hizo mbili, Lesotho ilikuwamo zote. Iweke akilini Lesotho.

Majina ya utani nayo ni ya kufurahisha. Uganda ni Cranes, yaani korongo mwenye taji aliyeko kwenye bendera yao. Cape Verde ni Tubarões Azuis, papa wa buluu kwa Kireno. Lesotho ni Likuena, mamba kwa Kisotho, na Mswahili wa zamani aliyemwita mamba "ngwena" angelielewa jina hilo bila mkalimani. Sisi peke yetu ndio hatukutafuta mnyama, tukachukua nyota.

Je, wajua kwamba safari yetu ilianza kwa kuchechemea? Tarehe 10 Juni 2017, Chamazi, nje kidogo ya jiji, Stars chini ya kocha Salum Mayanga iliikaribisha Lesotho. Mbwana Samatta alitangulia kufunga, Lesotho wakasawazisha, na mpaka filimbi ya mwisho ikawa 1–1. Watu walitoka uwanjani wakinung'unika kwa sauti ile ya mtu aliyepunjwa sokoni na hajui apeleke wapi malalamiko.

Kijiweni kwetu kuna fundi viatu ambaye huandika msimamo wa kundi kwa chaki, kwenye ubao alioupigilia kwenye mwarobaini. Siku ile aliandika alama moja kwa Tanzania na moja kwa Lesotho, kisha akaipigia Lesotho mistari miwili chini. Tulimcheka. Akasema wadai wadogo ndio wenye kelele siku ya malipo, akarudi kwenye soli yake.

Siku iliyofuata, tarehe 11 Juni, Uganda ilikwenda Praia, mji mkuu wa Cape Verde, ikaondoka na ushindi wa 1–0 kwa bao la Geoffrey Sserunkuma. Kushinda ugenini mechi ya kwanza ya kundi, tena kisiwani kule, ni kama kulipa kodi ya mwaka mzima Januari.

Je, wajua kwamba baada ya mechi hizo mbili kundi lililala miezi 15? Hakuna aliyegusa mpira wa Kundi L tena mpaka Septemba 2018. Chaki ya ubaoni ilifutika kwa mvua, ikaandikwa tena, ikafutika tena.

Lakini wakati kundi limelala, mambo mawili yalitokea Rabat, Moroko, na yote yalituhusu.

La kwanza: Julai 2017 Shirikisho la Soka Afrika, CAF, liliamua kuongeza timu za AFCON kutoka 16 hadi 24, na kuihamisha michuano kutoka Januari na Februari kwenda Juni na Julai. Kundi L lilikuwa tayari limeanza! Kwa utaratibu wa awali, tiketi zilikuwa za vinara wa makundi na washindi wa pili bora watatu tu. Kwa utaratibu mpya, wa kwanza na wa pili wa kila kundi wanakwenda. Tanzania ilimaliza ya pili na alama 8. Misri ilimaliza ya pili kwenye kundi lake na alama 13, Afrika Kusini 12, Ivory Coast 11. Hao watatu peke yao wangetosha kutufungia mlango. Mtu akikuambia tulifuzu kwa miguu tu, mkumbushe na kalamu za Rabat.

La pili linauma. Wiki hiyo hiyo, mji huo huo, CAF ilifuta uanachama wa Zanzibar. Zanzibar ilikuwa imepokelewa Machi 2017 kama mwanachama wa 55, na mwezi Julai ikaambiwa kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Uanachama wa miezi minne. Yaani mkutano uliotupanulia mlango Watanzania kwa pamoja ndio uliowafungia Wazanzibari mlango wao wenyewe.

Na je, wajua kwamba Desemba ya mwaka ule ule, kwenye Kombe la Chalenji nchini Kenya, Zanzibar Heroes iliifunga Tanzania Bara 2–1, ikaenda hadi fainali, ikaja kushindwa na Kenya kwa penalti tu? Sisemi kitu. Nimeliweka hapo.

Tukirudi kwenye kundi. Je, wajua kwamba mechi ya kwanza ya kocha Emmanuel Amunike akiwa na Stars ilikuwa Namboole, Kampala, tarehe 8 Septemba 2018, ikaisha kwa suluhu? Bila kwa bila. Wakati ule tuliiona alama moja kama ya kujifariji. Mwisho wa yote ikawa ndiyo mechi pekee kati ya tano za kwanza ambayo Uganda haikushinda.

Amunike mwenyewe si mgeni wa AFCON. Fainali ya 1994, jijini Tunis, Nigeria iliifunga Zambia 2–1, na mabao yote mawili ya Nigeria aliyafunga yeye. Mwaka huo akawa Mchezaji Bora wa Afrika. Miaka miwili baadaye, kwenye fainali ya Olimpiki kule Marekani, alifunga bao la ushindi dhidi ya Argentina, 3–2. Kwa hiyo tulipokuwa tukimfundisha kupanga kikosi kutoka vijiweni, tulikuwa tukimfundisha samaki kuogelea.

Je, wajua kwamba Oktoba 2018 Tanzania na Cape Verde zilikutana mara mbili ndani ya siku tano, na zikawa kama timu nne tofauti? Ijumaa tarehe 12, Praia, tulikandikwa 3–0. Jumanne tarehe 16, Dar, tukawakandika wao 2–0, Simon Msuva na Samatta wakifunga. Katikati hapo palikuwa na safari ya kuvuka Afrika kutoka Atlantiki hadi Bahari ya Hindi. Cape Verde ni visiwa kumi, zaidi ya kilomita 500 kutoka pwani ya Senegal, watu wote pamoja ni kama nusu milioni. Ukiwakusanya wote ukawaleta Dar, wangeenea wilaya moja na nafasi ikabaki.

Je, wajua kuwa nchi ya Lesotho yote, kila shamba na kila korongo, iko juu ya meta 1,000 kutoka usawa wa bahari? Ni nchi pekee duniani ya namna hiyo. Sehemu yake ya chini kabisa iko meta 1,400 hivi. Mtoto wa Temeke anayefanya mazoezi pale ambapo upepo wa bahari unamgusa sikio, ukimpeleka Maseru, mji mkuu wa nchi hiyo, acheze dakika 90, mapafu yake yatauliza maswali kabla ya miguu.

Tarehe 18 Novemba 2018, Maseru, yaliuliza. Dakika ya 76 Nkau Lerotholi akafunga, 1–0, na mechi ikaisha hivyo. Siku moja kabla, Uganda ilikuwa imeifunga Cape Verde 1–0 kwa bao la Patrick Kaddu na kukata tiketi ikiwa na mechi moja mkononi. Uganda alama 13. Lesotho 5. Tanzania 5. Cape Verde 4. Watatu waliobaki waligombea kiti kimoja, na mbele yao kulikuwa na miezi minne ya kusubiri.

Fundi viatu aliandika hayo ubaoni usiku ule ule, kwa taa ya simu. Safari hii hakupiga mistari chini ya Lesotho. Hakuwa na haja.

Je, wajua kwamba Tanzania na Lesotho zilipolingana kwa alama 5, tofauti yetu ya mabao ilikuwa nzuri kuliko yao, na haikutusaidia kitu? Sisi tulikuwa tumefunga 3, tumefungwa 5. Wao wamefunga 3, wamefungwa 7. Kwenye mechi za kufuzu Kombe la Dunia, FIFA hutazama kwanza tofauti ya mabao ya kundi zima. Kwa kanuni hiyo tungekuwa juu yao. Lakini AFCON ni ya CAF, na CAF hutazama kwanza mechi baina ya timu zilizolingana. Chamazi 1–1, Maseru 0–1. Lesotho juu. Ile sare ya Chamazi iliyokuwa imelala usingizi tangu Juni 2017 ikaamka na kudai chake.

Sasa fuata hesabu hii taratibu, kama anayechambua mchele.

Siku ya mwisho, Tanzania inacheza na Uganda Dar, Cape Verde inacheza na Lesotho Praia, saa ile ile. Tukifungwa, tumekwisha. Tukitoka sare, tunafika 6. Je, sita zinatosha? Lesotho ikitoka sare nayo inafika 6, na kwa mechi baina yetu wao wanapita. Lesotho ikifungwa, basi Cape Verde imeshinda, imefika 7, wao wanapita. Lesotho ikishinda, ndiyo kabisa. Kwa maneno mengine, hapakuwa na matokeo yoyote Praia ambayo yangetuvusha kwa sare. Redio nyingi wiki ile zilisema "tunahitaji ushindi" kama vile ni kauli ya kuhamasisha. Ilikuwa hesabu tupu.

Na ushindi? Ushindi unatufikisha 8. Cape Verde hata ikishinda inaishia 7, haitufikii. Lakini Lesotho ikishinda inafika 8 pia, na kwa mechi baina yetu, wao juu. Haijalishi tumeifunga Uganda 1, 3 au 10.

Ndiyo hiyo. Mabao matatu ya Dar yangeshindwa na moja la Praia.

Je, wajua kwamba Uganda ilikuja Dar haijafungwa hata bao moja katika kundi zima? Mechi tano, nyavu safi. Ushindi nne, suluhu moja, mabao saba ya kufunga na sifuri ya kufungwa. Kocha wake alikuwa Mfaransa, Sébastien Desabre, na ukuta wake ulikuwa gumzo la ukanda wetu. Kisha kwa jioni moja ukafungwa mara tatu. Kwamba tayari walikuwa wamefuzu na hawakuwa na cha kupoteza, hilo halina ubishi. Mengine yaliyosemwa mitaani wiki ile nayaacha mitaani.

Dakika ya 21, Msuva. Dakika ya 51, penalti ya Erasto Nyoni. Dakika ya 57, Aggrey Morris.

Je, wajua kwamba wawili kati ya hao watatu ni mabeki? Samatta, aliyekuwa akiwika Genk kule Ubelgiji, hakufunga siku ile. Msuva alikuwa akicheza Moroko. Lakini kazi iliyobaki ilimaliziwa na watu ambao kawaida hulipwa kuzuia. Nyoni hakuwa mtoto: mwaka 2007, kule Ouagadougou, ndiye aliyefunga bao pekee tulipoifunga Burkina Faso katika mbio za AFCON 2008, mbio ambazo hazikutuvusha. Na Aggrey Morris amevaa jezi zote mbili, ya Taifa Stars na ya Zanzibar Heroes. Bao la tatu lilifungwa na mtu wa visiwa vile vile vilivyofungiwa mlango Rabat.

Nilikuwa jukwaa la juu, upande jua linapotua mgongoni. Jirani yangu, mzee wa makamo mwenye shati la kijani lililopauka, alikuwa na simu mbili. Moja aliitumia kupiga picha. Nyingine hakuiondoa kwenye ukurasa wa matokeo ya Praia. Uwanja ule una viti 60,000, na watu wakiwa wengi mtandao hugoma; duara dogo likazunguka, likazunguka, likazunguka. Baada ya bao la tatu kila mtu aliruka isipokuwa yeye. Nikamwuliza, mzee wangu vipi, mbona umekaa? Akanionyesha kioo. Dakika zilikuwa zikisoma nyuma ya wakati, lakini namba zilikuwa zinaonekana: 0–0. "Hii," akasema, akigonga kioo kwa kucha, "ndiyo mechi."

Alikuwa sahihi kuliko sisi wote tuliokuwa tukirukaruka.

Je, wajua nini kilichokuwa kimetokea Praia kuanzia dakika ile ya 57? Cape Verde iliingia uwanjani ikiwa na matumaini: ishinde, na Tanzania isishinde. Tulipofika 3–0 matumaini hayo yalibaki jina. Lesotho ndiyo pekee iliyokuwa bado na sababu ya kukimbia. Kwa nusu saa nzima na ushei, mabeki wa Cape Verde, bila kuitwa na mtu, walikuwa mabeki wetu. Kipa wao alikuwa kipa wetu. Siku ile hakuna Mtanzania aliyeyajua majina yao, na walikuwa wametubeba begani.

Dar ni saa nne mbele ya Praia. Kwetu giza lilikuwa limeingia na taa zimewashwa. Kwao bado ni mchana wa jua kali la Atlantiki. Bila kwa bila ilibaki bila kwa bila.

Msimamo wa mwisho: Uganda 13, Tanzania 8, Lesotho 6, Cape Verde 5. Kati ya wa pili na wa mwisho, alama tatu. Ushindi mmoja.

Je, wajua kwamba Lesotho haijawahi kucheza AFCON hata mara moja? Bao moja Praia na wangekuwa Misri. Huwa nawafikiria siku nyingine, nikiwa kwenye foleni ya daladala, sijui kwa nini.

Je, wajua kwamba Tanzania na Uganda zilisubiri muda sawasawa? Uganda ilicheza fainali ya AFCON 1978 kule Ghana, ikafungwa na wenyeji 2–0, halafu ikapotea mpaka 2017. Miaka 39. Tanzania ilicheza AFCON ya 1980 Lagos, ikapotea mpaka 2019. Miaka 39. Majirani hata kwenye ukame.

Katika miaka hiyo ya ukame ndipo ilipozaliwa ile kauli inayonasibishwa na Mzee Ali Hassan Mwinyi, kwamba soka letu ni kichwa cha mwendawazimu, kila kinyozi anajifunzia. Mzee alikuwa na ulimi wa pwani. Alitutukana tukacheka, na tukaendelea kuitumia wenyewe.

Ile timu ya 1980, wajua ilifikaje? Kwa kuiondoa Zambia. Tulishinda 1–0 Dar, na marudiano kule Ndola mwaka 1979 yakaisha 1–1 kwa bao la Peter Tino, bao ambalo wazee bado wanalisimulia kwa mikono miwili. Kocha Joel Bendera baadaye aliingia siasa, akawa naibu waziri na mkuu wa mkoa. Nahodha Leodgar Tenga akaja kuwa Rais wa shirikisho la soka nchini, TFF. Na kule Lagos, mabao mawili kati ya matatu tuliyofunga ni ya Thuwein Waziri. Tulifungwa na Nigeria 3–1, tukafungwa na Misri 2–1, tukatoka 1–1 na Ivory Coast. Alama moja tu, na tukaiishi kwa miaka 39.

Je, wajua kwamba mchezo wetu na Uganda ulianzia kwenye sabuni? Mashindano ya kwanza ya ukanda huu, Kombe la Gossage, yalianza 1926 kati ya Kenya na Uganda, na Gossage ni jina la watengenezaji wa sabuni wa Uingereza waliolidhamini. Tanganyika ilijiunga 1945. Chalenji ya leo ni mjukuu wa kombe hilo.

Je, wajua kwamba wakati tunacheza karibu kundi zima, hatukuwa tunagombea safari ya Misri? Mwenyeji alikuwa Kameruni. CAF iliinyang'anya mwishoni mwa Novemba 2018 kwa sababu ya maandalizi, na Misri ikapewa Januari 2019. Kwa hiyo mechi tano kati ya sita za kila timu zilichezwa kuelekea nchi moja, ya sita kuelekea nyingine.

Na majirani? Hapo ndipo mwezi Machi 2019 ulipokuwa wa ajabu.

Burundi ilifuzu kwa mara ya kwanza katika historia yake, siku moja kabla yetu, tarehe 23, kwa sare ya 1–1 na Gabon jijini Bujumbura. Sare hiyo iliwaacha nyumbani Gabon na Aubameyang wao. Wajua Burundi ilifungwa mechi ngapi kundini? Hakuna. Ushindi mbili, sare nne. Kuna namna nyingi za kufika. Hiyo ya kukataa kufungwa ndiyo ninayoihusudu.

Kenya ilifuzu ikiwa imekaa kwenye kochi. Sierra Leone ilifungiwa na FIFA, mechi zake zikafutwa, pamoja na ile ambayo Harambee Stars ilikuwa imefungwa 2–1 Freetown. Kundi likabaki na timu tatu na Kenya ikapita, mara ya kwanza tangu 2004. Mkenya mmoja rafiki yangu mpaka leo hapendi niliseme hivi. Anasema mbona sisemi kwamba waliifunga Ghana 1–0 Nairobi. Haya, nimesema.

DR Congo nayo ilipita siku ile ile ya kwetu, 24 Machi, kwa kuifunga Liberia 1–0 jijini Kinshasa. Hesabu sasa: Kenya, Uganda, Tanzania, Burundi, Congo. Nchi tano ambazo unaweza kuagiza chai kwa Kiswahili na ukaletewa chai.

Je, wajua kura ya makundi ilitupa nani? Senegal, Algeria na, kama vile mwenye kura ana utani, Kenya. Tarehe 27 Juni 2019, Cairo, Tanzania na Kenya zikacheza mechi ambayo nusu ya matusi yake uwanjani hayakuhitaji tafsiri. Msuva alifunga dakika ya 6 tu. Michael Olunga akasawazisha, Samatta akaturudisha mbele kabla chai ya Olunga haijapoa, na kipindi cha pili Omolo na Olunga tena wakatumaliza. 3–2. Tukaondoka Misri tumefungwa mechi zote tatu. Faraja yetu ni kwamba wale wengine wawili wa kundi letu, Algeria na Senegal, ndio waliokutana fainali, Algeria ikashinda 1–0. Tulipigwa na watu wakubwa, ila na Kenya pia.

Uganda? Wao waliifunga DR Congo 2–0 mechi ya kwanza, wakavuka kundi, wakatolewa na Senegal 1–0 kwenye 16 bora.

Je, wajua kwamba alama 8 ni kama namba yetu ya bahati? Kwenye kufuzu AFCON 2023 tuliwekwa tena na Uganda, safari hii pamoja na Algeria na Niger. Ushindi mbili, sare mbili, kufungwa mbili. Alama 8, nafasi ya pili, tiketi. Hata mpangilio haukubadilika! Tulikamilisha tarehe 7 Septemba 2023 kwa suluhu na Algeria kule Annaba, na Uganda ikabaki na 7. Siku 20 baadaye, Kenya, Tanzania na Uganda zikapewa kwa pamoja uenyeji wa AFCON 2027.

Kwenda AFCON 2025 tulibadilisha namba: alama 10, bao la Msuva dhidi ya Guinea, Dar, Novemba 2024, 1–0. Guinea ilikuwa na 9. Ukitazama vizuri utaona Msuva yumo kwenye mechi ya kukata tiketi 2019 na yumo 2024. Kuna watu hulala na funguo za nyumba.

Fundi viatu bado ana ule ubao, lakini mwarobaini ulikatwa barabara ilipopanuliwa, kwa hiyo ameuegemeza ukutani. Juzi nilimwuliza kama anakumbuka nani aliburuza mkia Kundi L. Akataja bila kuinua macho: Cape Verde, alama 5.

Nikamwuliza kama anajua walipo sasa. Alijua. Tarehe 13 Oktoba 2025, Praia ile ile, Cape Verde waliifunga Eswatini 3–0, wakamaliza juu ya Kameruni na kufuzu Kombe la Dunia la 2026. Uganda haijawahi kufika huko. Wala sisi, wala Lesotho.